Nobu ya sumaku ikigoma: soma namba tatu kabla hujagusa programu

Nobu uliyoitengeneza mwenyewe ikizungushwa na sauti kwenye kompyuta isipande, mkono hukimbilia programu. Mtu anabadilisha maktaba, anapakia msimbo upya, halafu anaagiza mikrokontrola (ule ubao wenye chipu inayoendesha msimbo) nyingine Kariakoo na kukaa kusubiri basi lifike Mbeya. Mara nyingi kosa liko kwenye mwanya wa milimita moja na nusu kati ya sumaku na kihisi. Kihisi chenyewe kinalijua kosa hilo na kiko tayari kulisema, ila hakijaulizwa.

Nobu tunayoizungumzia ni kile kichwa cha kuzungusha, kama cha volyumu ya redio, isipokuwa haina mwisho: inazunguka utakavyo. Ndani yake kuna sumaku ya duara yenye kipenyo cha mm 6 na unene wa mm 2.5, iliyogundishwa kwenye ncha ya shafti. Chini ya sumaku, bila kugusana nayo, kuna moduli ya kihisi cha AS5600 kinachogawa mzunguko mmoja katika sehemu 4096, yaani nyuzi 0.088 kila sehemu. Mikrokontrola inasoma pembe hiyo na kuipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kama kitufe cha sauti au kama ujumbe wa MIDI, lugha ambayo vifaa na programu za muziki huzungumziana. Anayepiga miksi ya kwaya, anayehariri video au anayeendesha kipindi redioni anapata nobu isiyochakaa wala kukwaruza, kwa sababu hakuna kaboni ndani inayosuguana na chochote.

Kwa mikrokontrola, chukua Pro Micro yenye ATmega32U4 au Raspberry Pi Pico. Uno na Nano hazifai kwa kazi hii: chipu zao za ATmega328P hazina USB ya kwao, kwa hiyo kompyuta inaziona kama mlango wa seriali tu, haizioni kama kibodi wala kifaa cha MIDI. ESP32 ya kawaida ina tatizo hilohilo. ESP32-S2 na S3 hazina.

Namba tatu za kuanzia

Kabla ya kushika bisibisi, pakia programu hii fupi. Haitumi chochote kwa kompyuta zaidi ya kuandika namba kwenye dirisha la Serial Monitor.

#include <Wire.h>

int soma(byte rejista, int baiti) {
  Wire.beginTransmission(0x36);
  Wire.write(rejista);
  if (Wire.endTransmission() != 0) return -1;
  Wire.requestFrom(0x36, baiti);
  int v = 0;
  while (Wire.available()) v = (v << 8) | Wire.read();
  return v;
}

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  Wire.begin();
}

void loop() {
  Serial.print(soma(0x0B, 1) & 0x38);
  Serial.print("  ");
  Serial.print(soma(0x1A, 1));
  Serial.print("  ");
  Serial.println(soma(0x0C, 2) & 0x0FFF);
  delay(100);
}

Namba ya kwanza ni hali ya sumaku. 32 maana yake sumaku ipo na nguvu yake inatosha. 48 maana yake ipo lakini ni dhaifu, au iko mbali. 40 maana yake ina nguvu kupita kiasi, au iko karibu mno. 0, 8 au 16 ni kwamba kihisi hakijaikubali kuwa ni sumaku.

Namba ya pili inaitwa AGC, na ni kiasi ambacho kihisi kinajiongezea sauti ili kuisikia sumaku. Ikiwa juu, sumaku inanong'ona. Ikiwa chini, inapiga kelele. Kihisi kikitumia volti 3.3, AGC huenda kuanzia 0 hadi 128, nawe unataka iwe jirani na 64. Kikitumia volti 5 huenda hadi 255, na shabaha ni kama 128. Wengi hupotezwa hapa: wanaona 128 kwenye volti 3.3 na kufurahi kwamba wako katikati, kumbe kihisi kimefika ukomo wa juu na bado hakisikii vizuri.

Namba ya tatu ni pembe, 0 hadi 4095.

Ukiona "56  -1  4095" zimeganda, hizo si namba za sumaku. Ni namna programu hii inavyosema kwamba hakuna kihisi kilichojibu. Nenda sehemu ya waya.

Kompyuta haioni kitu kabisa

Anza na waya wa USB. Waya nyingi zinazouzwa kwenye meza za Mwanjelwa na Kabwe, Mbeya, ni za kuchaji tu: zina nyaya mbili za umeme na hazina zile mbili za data. Taa ya mikrokontrola itawaka kama kawaida, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Jaribu waya uliowahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu.

Pico ikishikiliwa kitufe cha BOOTSEL wakati wa kuchomekwa, kompyuta inatakiwa ionyeshe diski inayoitwa RPI-RP2. Ikionekana, waya na chipu ni wazima, lililobaki ni programu. Isipoonekana kwa waya mbili tofauti zinazopitisha data, kagua tundu la USB lenyewe.

Pro Micro ina maradhi yake. Zipo za volti 5 zenye kasi ya 16 MHz na za volti 3.3 zenye 8 MHz, na kwa macho zinafanana. Ukichagua aina isiyo yake kwenye Arduino IDE, ile programu ya kupakilia msimbo, programu yako itapakiwa vizuri kabisa, kisha kompyuta haitaitambua tena. Haijafa. Unganisha pini ya RST (ya kuanzisha upya) na ya GND (ardhi ya umeme) mara mbili haraka. Mlango wa seriali utaibuka kwa sekunde nane hivi. Ndani ya muda huo pakia upya ukiwa umechagua aina sahihi. Inahitaji mkono mwepesi, na si ajabu ikakubali mara ya tatu au ya nne.

Kihisi hakijibu

Upande wa waya makosa ni machache. SDA na SCL, nyaya mbili ambazo kihisi huzungumzia na mikrokontrola kwa mfumo wa I2C, zimebadilishana. Kwenye Pro Micro, SDA ni pini 2 na SCL ni pini 3, wakati mifano mingi mtandaoni imeandikwa kwa Uno ambako ni A4 na A5. Anayenakili bila kuangalia anaangukia hapo. Kwenye Pico, SDA ni GP4 na SCL ni GP5 kama hujabadilisha kitu. Halafu kuna GND iliyosahaulika.

Umeme unataka umakini zaidi. AS5600 ina pini mbili za umeme: moja ya volti 5 na moja ya volti 3.3. Ikiendeshwa kwa volti 3.3, pini hizo mbili huunganishwa pamoja. Moduli nyingi za bei nafuu huja zikiwa tayari zimeunganishwa hivyo kwa rezista ndogo ya omu sifuri. Ukizipa volti 5 katika hali hiyo, unaipa ile pini ya 3.3 umeme unaozidi ukomo wake wa volti 4. Huenda isife siku hiyo. Weka multimita kwenye mlio, gusa pini mbili za umeme za chipu: ikilia, ipe volti 3.3 tu. Kwa Pico hilo ni jambo jepesi kwa sababu pini zake zote za data (za GP) ni za 3.3, na hata Pico yenyewe isipelekewe volti 5 kwenye SDA au SCL.

Kama skana ya I2C (programu fupi ya kutafuta anwani za vifaa) inaona anwani 0x40 badala ya 0x36, umeuziwa AS5600L. Ni nzuri tu, badilisha anwani kwenye msimbo. Ikiona 0x06, ulicho nacho ni MT6701, kihisi kingine chenye rejista (visanduku vya namba ndani ya chipu) tofauti. Programu ya hapo juu haitakifaa.

Pembe haibadiliki, au inarukaruka bila mpangilio

Hapa sumaku ndiyo mshitakiwa wa kwanza. AS5600 inataka sumaku ambayo kaskazini na kusini yake zimepita kwenye kipenyo: nusu ya duara ni kaskazini, nusu nyingine kusini. Sumaku za makava ya simu, za milango ya kabati na za spika karibu zote zimekatwa kwa namna nyingine, uso wa juu kaskazini na wa chini kusini. Ukizungusha sumaku ya aina hiyo juu ya kihisi, upande unaokitazama haubadiliki hata chembe, kwa hiyo kihisi hakina cha kupima. Kinachoonekana ni namba za kubahatisha, au pembe iliyolala pale pale.

Kuipima hakuhitaji chombo. Chukua sumaku mbili za aina moja uziweke bapa mezani, kingo zikitazamana. Zungusha moja taratibu pale pale mezani. Kama zinavutana, kisha baada ya nusu mzunguko zinasukumana, ni zenyewe. Kama tabia yao haibadiliki hata ukizungusha mara ngapi, warudishie kava lao. Ukiwa na sumaku moja tu, dira ya kawaida inatosha: zungusha sumaku bapa pembeni mwa dira, sindano ikiufuata mzunguko, ni ya kipenyo.

Sumaku ikiwa sahihi na namba bado hazieleweki, angalia AGC. Imefika 128 na hali ni 48? Sogeza karibu. Hali ni 40 na AGC iko kwenye 0 au jirani? Sogeza mbali. Nguvu inayotakiwa kwenye uso wa kihisi ni militesla 30 hadi 90, nayo kwa sumaku ya mm 6 hupatikana kwa mwanya wa mm 0.5 hadi 3. Anzia mm 1.5. Kipimo chake kiko mfukoni: kadi ya benki ina unene wa mm 0.76, kwa hiyo kadi mbili zilizobandikana ni kama mm 1.5. Tumia zilizokwisha muda, maana sumaku hii inaweza kuufuta ule mstari mweusi wa nyuma.

Nusu mzunguko inaenda haraka, nusu nyingine inasuasua

Hali ni 32, AGC iko 60 na kitu, pembe inabadilika, lakini robo ya kwanza ya mzunguko inatoa hatua 38 (hatua moja ni sehemu 32 kati ya zile 4096) na robo inayofuata inatoa 26 wakati zote zilitakiwa ziwe 32. Sumaku haiko katikati. Kitovu cha sumaku kinatakiwa kikae juu ya kitovu cha chipu kwa tofauti isiyozidi mm 0.25, na jicho peke yake halioni robo milimita.

Kitovu cha kukifuata ni cha chipu nyeusi, usifuate umbo la ubao wake. Kwenye baadhi ya moduli, matundu manne ya skrubu hayako sawasawa kuizunguka chipu, na anayepima kwa matundu anakosea kabla hajaanza. Njia inayofanya kazi ni kutoboa matundu ya skrubu makubwa kidogo kuliko skrubu zenyewe, mm 3.5 kwa skrubu ya mm 3. Washa programu, zungusha nobu robo robo ukisoma pembe, usogeze moduli kwa ncha ya kidole hadi kila robo ikaribie 1024, ndipo ukaze. Dakika kumi za kazi hii zinaokoa siku nzima ya kuandika msimbo wa kusahihisha kosa la skrubu.

Kama robo haziwi sawa hata ukisogeza vipi, sumaku yenyewe imegundishwa pembeni ya shafti. Zungusha nobu huku ukiitazama sumaku kwa ubavu: ikiyumba kama gurudumu la baiskeli lililopigwa shimo, ing'oe. Gundi ya haraka huachia ukiiwekea asitoni. Mara ya pili tumia epoksi ya mchanganyiko, ambayo inakupa dakika kadhaa za kuisawazisha. Kwarua uso wa sumaku kidogo kwa msasa laini kwanza, maana nikeli yake inateleza. Usitumie gundi ya moto ya bastola. Sumaku za kawaida za neodimi huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi joto 80 hivi, na gundi hiyo hutoka ikiwa na joto zaidi ya hapo.

Ilikuwa nzima mezani, ndani ya boksi imegoma

Tafuta chuma. Beringi ya 608, ile yenye tundu la mm 8 na kipenyo cha nje mm 22, ndiyo inayopendwa kwa sababu inapatikana hadi soko la SIDO na bolti ya mm 8 inaingia bila kukereza. Lakini bolti hiyo ni chuma, na sumaku ya kipenyo ikibandikwa moja kwa moja kwenye chuma, sehemu ya nguvu yake inarudi kwa njia ya mkato ndani ya bolti badala ya kushuka kwenye kihisi. Utaona AGC imepanda kuliko ilivyokuwa mezani ingawa mwanya haujabadilika. Weka kipande cha mm 3 cha plastiki, alumini au mbao kati ya bolti na sumaku. Fundi yeyote wa kukereza atakutolea kofia ya alumini yenye kitako cha sumaku upande mmoja na tundu la bolti upande mwingine, na ukimpa vipimo kwa kalipa ataitoa ikiwa katikati kuliko mkono wako utakavyoweza.

Skrubu za kushikia moduli nazo ziwe za nailoni au shaba. Chuma kilichokaa upande mmoja tu ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinapinda njia ya sumaku kuelekea upande huo, na unarudi kwenye dalili ya nusu haraka nusu taratibu huku kila kitu kikiwa katikati.

Nobu mbili zikikaa jirani, watu huogopa kwamba sumaku ya moja itaichanganya nyingine. Kihisi hiki kimeundwa kupuuza nguvu ya sumaku inayokifikia kwa usawa kutoka mbali. Sentimita tatu kati ya shafti na shafti hazina shida. Spika kubwa iliyowekwa mgongo kwa mgongo na boksi ni habari nyingine, isogeze.

Wengine hung'oa mota ya diski kuu iliyokufa na kuitumia kama beringi. Inazunguka vizuri kuliko kitu chochote utakachonunua. Kumbuka tu kwamba ndani yake kuna pete ya sumaku yenye ncha nyingi. Shafti ya ziada ya mm 15 hivi, isiyo ya chuma, inatosha kuitenga.

Ilikuwa nzima Machi, Septemba inagoma

Dalili hii ni ya Nyanda za Juu Kusini zaidi kuliko ya vitabuni. Boksi limetengenezwa kwa mbao ya paini kutoka Mafinga, kwa sababu ndiyo ya bei rahisi na inakatika vizuri. Lakini mbao hiyo mara nyingi inauzwa ikiwa haijakauka. Ubao wa unene wa mm 20 uliokatwa wakati wa mvua unaweza kupungua nusu milimita ukikauka kiangazi. Kama beringi imekaa kwenye uso wa juu wa ubao na moduli imefungwa upande wa chini, ubao ukipungua mwanya nao unapungua kwa kiasi hicho hicho. Uliyeacha mm 1.0 una mm 0.5, AGC imeshuka, hali inacheza kati ya 32 na 40. Tukuyu, ambako mvua ni ndefu, inatokea kinyume: ubao unavimba na mwanya unafunguka.

Unaweza kununua mbao kavu, au kuiacha ndani ya nyumba miezi miwili kabla ya kuikata, na ni vizuri ufanye hivyo. Dawa ya kweli, hata hivyo, ni kuiondoa mbao kwenye hesabu. Beringi na moduli zifungwe kwenye bamba moja la alumini la mm 3 au plastiki ngumu, kwa nguzo fupi za shaba au nailoni, halafu bamba ndilo lifungwe kwenye boksi. Hapo mbao inakuwa nguo tu. Ivimbe, ipungue, ipinde, mwanya haujui.

Nobu ikiwa nzito asubuhi za Juni na Julai pale Njombe au Makete na nyepesi mchana, hiyo ni grisi ya beringi iliyoganda kwa baridi. Haina uhusiano na kihisi. Osha kwa mafuta ya taa, weka tone la mafuta ya cherehani. Ukiona sasa inazunguka kama pia, rudisha grisi nyepesi kidogo, kwa sababu nobu isiyo na uzito wowote inachosha kuitumia kuliko iliyo nzito.

Namba inacheza bila kuguswa

Pembe ikicheza kwa 1 au 2 hiyo ni kawaida, hakuna kihisi kinachokaa kimya kabisa. Ikicheza kwa 10 au zaidi, rudi kwenye AGC kwanza. Kama AGC ni nzuri, angalia umeme: weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini za umeme za moduli kama haina yake.

Wanaosoma pini ya OUT kwa analogi badala ya I2C wataona namba zikicheza zaidi, na hilo halishangazi, maana umeshaongeza kelele za ADC, kipimaji cha volti cha mikrokontrola, juu ya zile za kihisi. Kwenye Pico kuna kituko kingine: kwa kawaida ya Arduino, analogRead inatoa 0 hadi 1023. Andika analogReadResolution(12) kama unataka 4095.

Kihisi kina vichujio ndani, kwenye rejista za 0x07 na 0x08, pamoja na uwezo wa kusita kwa alama 1, 2 au 3 kabla ya kubadili namba. Mpangilio huo unafutika umeme ukikatika, kwa hiyo uandike kila programu inapoanza. Utasoma mahali kwamba unaweza kuuchoma moja kwa moja kwa rejista 0xFF. Usiiguse. Mpangilio huchomwa mara moja tu katika maisha ya chipu, pembe ya kuanzia mara tatu, na hakuna kurudi nyuma. Kwa nobu hauna faida yoyote.

Ikivuka sifuri inaruka. Ukienda polepole haisikii

Makosa haya mawili kweli ni ya programu, na yanatibiwa pamoja. Pembe ikitoka 4095 kwenda 0, umesogea hatua moja, lakini hesabu ya kawaida inasema umerudi 4095 nyuma, na sauti inaanguka hadi kimya. Tofauti lazima isahihishwe:

int tofauti = mpya - zamani;
if (tofauti > 2048) tofauti -= 4096;
if (tofauti < -2048) tofauti += 4096;
int hatua = tofauti / 32;
if (hatua != 0) {
  tuma(hatua);
  zamani = (zamani + hatua * 32) & 4095;
}

Tazama mstari wa mwisho. Wengi huandika zamani = mpya nje ya mabano, kila mzunguko wa programu. Ukizungusha polepole, kila usomaji unatofautiana na uliopita kwa 5 au 8, hazifiki 32, na kwa kuwa zamani imeshasogezwa, hazijumlishwi kamwe. Nobu inakuwa kiziwi kwa mkono wa taratibu na inaitikia mkono wa haraka tu. Kwa namna iliyoandikwa hapo juu masalia yanabaki hadi yatimie 32. Na kwa kuwa kurudi nyuma nako kunataka 32 kamili, namba haitacheza kati ya 63 na 64 nobu ikiwa imetulia mpakani.

32 imetoka wapi? MIDI ya kawaida ina thamani 0 hadi 127, na 4096 ukigawa kwa 128 ni 32, yaani mzunguko mmoja unamaliza safari yote. Ukitaka nobu ya kazi nyeti, weka 64 na itahitaji mizunguko miwili.

Ikiwa nobu inarudi nyuma unapoizungusha kwa nguvu, tafuta delay kubwa ndani ya loop. Kihisi kikisomwa kila milisekunde 200, mkono unaweza kumaliza zaidi ya nusu mzunguko katikati ya usomaji mmoja na mwingine, na hesabu itaona njia fupi ni ile ya upande wa pili. Soma kila milisekunde 5.

Inaenda kinyume

Pini ya DIR iunganishwe na GND: pembe inaongezeka ukizungusha kama mshale wa saa, ukitazama kutoka upande wa sumaku. Iunganishwe na umeme: kinyume chake. Ikiachwa bila kuunganishwa popote inaweza kugeuka yenyewe, hata kwa kusogeza mkono karibu. Nobu inayokwenda vizuri siku mbili na kinyume siku ya tatu ina DIR inayoning'inia.

Ukiigusa tu, sauti inaruka

Umetuma pembe yenyewe badala ya mabadiliko. Programu ya muziki ilikuwa na sauti kwenye 90, nobu imelala kwenye 20, ukaisogeza kidogo ikatuma 21. Nobu isiyo na mwisho haina haja ya kujua iko wapi. Itume tu "panda moja" au "shuka moja". Katika REAPER, programu ya kurekodi muziki, hali inayoitwa Relative 1 inasoma 1 kama kupanda na 127 kama kushuka. Kama nobu inakimbilia ukomo wa juu ukiizungusha upande wowote, umechagua hali isiyolingana na msimbo wako.

Ujumbe wa MIDI usipofika kabisa kwenye Pro Micro, tazama kama umeandika MidiUSB.flush() baada ya kutuma. Bila hiyo ujumbe unabaki kwenye foleni. Na chaneli ya 0 kwenye msimbo ni chaneli ya 1 kwenye programu ya muziki.

Nobu ya pili inaua ya kwanza

AS5600 zote zina anwani 0x36 na haibadilishwi. Ukizifunga mbili kwenye waya mmoja, zinajibu kwa pamoja na unasoma mchanganyiko. Pico ina njia mbili za I2C, kwa hiyo nobu mbili hazihitaji kitu cha ziada. Tatu hadi nane zinataka TCA9548A, chipu ya kuchagua njia yenye anwani 0x70. Unaiambia namba ya njia, unasoma, unahamia inayofuata.

Inaganda baada ya dakika kadhaa

Kama waya kati ya mikrokontrola na moduli ni mrefu kuliko sentimita 30, ufupishe au shusha kasi ya I2C iwe 100 kHz. Kwenye Pro Micro ongeza Wire.setWireTimeout(25000, true) ndani ya setup, ili ujumbe mmoja ukipotea njiani programu isikae ikiusubiri milele.

Ikiganda pale tu inapoguswa, na ni msimu wa baridi kavu, na mtumiaji amevaa sweta, ni cheche. Nobu ya chuma imebeba umeme wa sweta hadi kwenye shafti, ukaruka ule mwanya wa mm 1.5 na kutua kwenye pini za chipu. Unganisha bamba la alumini na GND kwa waya mfupi, cheche ipite huko. Grisi ya beringi huzuia umeme kidogo, kwa hiyo pima kwa multimita kati ya kichwa cha nobu na GND huku ukiizungusha. Usomaji ukikatikakatika, badilisha kichwa kiwe cha mbao.